Masale Niliyoyang'oa kwa Ajili ya Mgeni

Wajukuu zangu mtakaosoma haya, ketini kwanza. Najua miguu inawawasha. Yangu nayo iliwasha.

Nakumbuka mgeni alikuwa anakuja kutoka Ujerumani. Mji wetu huu wa kanisani, watu wa kanisa wanasema ulianzishwa na babu yake, aliyejenga ile nyumba ya mawe. Miaka ile biashara ilikuwa imeachiwa huru, kahawa imeshuka bei, kila mtu anahangaika. Huyu anang'oa mibuni apande nyanya, yule anakimbilia Moshi kuuza mitumba. Mimi nilitaka mgeni aichague nyumba yetu iwe ya kupokea watalii.

Sasa, masale yalikuwa yameziba, nyumba ya mawe haionekani vizuri kutoka kwetu. Masale ni yale majani marefu tunayopanda mipakani na makaburini. Hayo yalizunguka kaburi la babu wa mume wangu. Nilijua. Nikachukua panga, nikang'oa, nikapiga jembe, nikapanda migomba.

Mgeni akafika, kijana mpole. Akauliza kwa Kiswahili cha kujifunza, "Mama, kabla ya babu yangu, hapa palikuwa na nini?"

"Pori tu, baba," nikajibu, ili afurahi.

Mama mkwe wangu alikuwa anamenya ndizi. "Pori? Kwa hiyo mimi niliolewa na nyani?" Mgeni akacheka. Mama mkwe hakucheka. "Babu yako alipokelewa na baba mkwe wangu. Ndiye aliyemwonyesha pa kujenga na maji yalipo. Njoo nikuonyeshe alipolala."

Akashika fimbo, tukamfuata migombani. Akasimama. Akarudi nyuma. Akazunguka tena. Udongo ulikuwa laini kila mahali.

"Mama Aika, yuko wapi?" akaniuliza.

Nikazunguka naye, nami sikupaona.

Jumapili nikampelekea jani la sale, kama tunavyoombana radhi. Kwetu jani hilo halikataliwi. Akalipokea. "Msamaha nimekupa. Kaburi nani atanipa?"

Tukapanda masale pale alipodhani. Kesho yake akasema hapana, ni kule. Tukapanda na kule. Alikufa hana hakika. Mpaka leo nikipita na majani ya ng'ombe nasimama hapa, nasimama pale, situlii.

Mjukuu wangu, kuhangaikia maisha si dhambi. Mgeni mkaribishe, mpe ndizi, mpe maziwa. Lakini usimfute mtu wako ili mgeni apendezwe. Aliyejenga kwa mawe anaonekana mwenyewe. Aliyetoa kiwanja, usipomsema wewe, hakuna atakayemsema. Nendeni popote, na Mungu awape miguu inayokumbuka njia ya nyumbani.

Nami watu wa nyumba yangu nilishawaamuru: panga lisiguse sale. Na mgeni yeyote akiuliza nani alianza hapa, mpelekeni kwanza kwenye kaburi. Mpelekeni pote pawili tulipopanda masale.