Nyoka Mwenye Pembe wa Kivuva

Watu wa Nunguni walisema mengi juu ya nyoka wa Kivuva, na karibu yote yalikuwa upuuzi. Walisema alimnunua kwa mganga huko Kitui. Walisema anamnywesha maziwa. Kuna hata mama mmoja aliyeapa sokoni kwamba alimsikia akikohoa. Kipande cha mti, jamani, kikohoe! Na waliokuwa wakisema hivyo ni watu wazima wenye wajukuu, wameketi hotelini wanakunywa chai.

Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi, na Kivuva alikuwa amechoka kuueleza. Mwaka wa 1944, akiwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, alipelekwa Burma kupigana na Wajapani. Kabla hajafyatua risasi ya maana, homa ikamwangusha karibu na mji wa Imphal, kule Manipur mpakani mwa Burma. Mvua ilikuwa imeharibu barabara na lori la wagonjwa halikuweza kufika, basi akalazwa nyumbani kwa mzee mmoja Mmeitei aliyeitwa Tomba. Mzee hakujua Kiswahili, Kivuva hakujua Kimeitei, na Kiingereza hakuna aliyekijua. Juu ya kitanda kilitundikwa kitambaa chenye picha ya nyoka aliyejikunja na kujikunja mpaka huoni anapoanzia, mkia umeingia mdomoni, na kichwani ana pembe zenye matawi kama kichaka kilichokauka. Huyo kwa wenyeji ndiye Pakhangba, mungu wao wa kale, babu wa wafalme wao na mlinzi wa nchi. Kila asubuhi Tomba aliketi mbele ya kitambaa kile akimwombea mgeni ambaye hata jina lake hakuweza kulitamka. Kivuva akapona.

Siku ya kuondoka, mzee alimchora Pakhangba mchangani, kisha akampa Kivuva kijiti naye achore. Mwili aliupata. Pembe alizipata. Uso ukamshinda. Mzee akafuta, akachora tena, akamrudishia kijiti, huku dereva wa lori anapiga honi kama mwendawazimu. Kivuva akaondoka bila kuupata. Haukuwa uso wa nyoka, wala wa mnyama wa pembe. Ulikuwa uso wa mtu anayekusikiliza mpaka umalize. Na jambo hilo lilimkera maisha yake yote. Mtu amekurudishia uhai, amekuomba kitu kimoja tu, ukichukue kwenu kikiwa sawasawa, nawe umeshindwa!

Aliporudi Ukambani alishika tezo kama wenzake, akawa anachonga swara na twiga kwa ajili ya wachuuzi wa barabara ya Mombasa. Mkewe Mbula ndiye aliyepiga msasa. Kivuva akishamaliza kuchonga, Mbula huchukua kazi mapajani, akasugua mpaka mti unang'aa, na mahali tezo lilipoteleza anajua yeye kabla ya mwenyewe. Siku za mapumziko Kivuva alimchonga Pakhangba. Akachonga, akatupa jikoni, akachonga tena. Mmoja tu ndiye aliyemtundika ukutani, akiwa ameshakata tamaa, na huyo naye uso wake ulikuwa wa mbuzi. Mbuzi kabisa, tena aliyeshiba.

"Baba Kaluki, huyu ukimwambia mee, ataitika," Mbula alimtania.

"Cheka tu," Kivuva alisema, na hakucheka.

Kisha Mchungaji Mulei akaingia nyumbani kuombea mgonjwa, akainua macho, akamwona. Jumapili iliyofuata Kivuva akatengwa. Asishiriki meza ya Bwana, asisimame kuongoza wimbo, akae nyuma kabisa karibu na mlango. Alijaribu kujitetea.

"Mchungaji, hata Musa alitengeneza nyoka wa shaba. Na ni Mungu alimwambia atengeneze."

"Na Hezekia akamvunja. Soma mpaka mwisho, mzee."

"Mimi siabudu hii kitu. Ni ukumbusho wa mtu alinisaidia."

"Basi mkumbuke na picha ya mti. Mkumbuke na picha ya kuku. Lazima iwe nyoka?"

Kivuva alirudi nyumbani akipiga mawe teke njia nzima, mzee wa watu, na viatu vya Jumapili.

Alivumilia miaka. Angevumilia mpaka kaburini, lakini mwaka wa 1971 binti yake Kaluki akachumbiwa na Kisilu, mwalimu kutoka Migwani. Kaluki ndiye mtoto pekee aliyewabakia. Wengine walizikwa wadogo. Na sheria ya kanisa ilikuwa wazi: mzazi aliyetengwa hamshiki binti mkono kumpeleka mbele. Angeshikwa na mjomba wake Nzomo, na Kivuva angetazama kutoka kiti cha mlangoni kama mpita njia.

"Baba," Kaluki alimwambia, na machozi yalikuwa karibu, "mimi sitaki kushikwa na mjomba. Nataka wewe. Ni kitu moja tu nakuomba."

Kitu kimoja tu! Kivuva akaenda kwa Mchungaji siku hiyohiyo. Jibu likawa fupi: Jumapili kabla ya harusi, alete nyoka yule mbele ya kanisa, achomwe moto watu wote wakiona. Baada ya hapo, karibu ndani.

Kivuva akakubali haraka mno, na Mchungaji angekuwa mjanja angeshtuka. Kumbe mzee amekwisha kupanga. Washirika wengi walikuwa wanasikia tu habari za nyoka mwenye pembe, na hata Mchungaji alimtupia jicho mara moja zamani, kwenye chumba chenye giza. Basi atachonga mwingine wa kuchoma, chapuchapu, kazi ya ovyo, na yule wa ukutani afichwe ghalani chini ya kunde. Moto upate chake, kanisa lipate lake, na Kaluki aolewe.

Alitafuta kigogo cha mti wa muhugu kilichobaki, akaanza. Na hapa ndipo ninapomkasirikia mzee huyu, maana kuchonga ovyo ni kazi ndogo, mtu yeyote anaweza, lakini yeye mkono wake haukuzoea. Alipoona mkunjo umelegea akaurekebisha. Alipoona pembe moja imezidi akaipunguza. Alijikemea kwa sauti, "Wacha, mjinga wewe, hii ni kuni!" na tezo linaendelea. Hakuwa na hofu ya kuharibu, kwa sababu kilikuwa cha kuchomwa moto, basi usoni akachonga bila kufikiri, huku akimtukana Mulei kimoyomoyo. Ijumaa jioni akapuliza vumbi la mti, na uso ukamtazama.

Ulikuwa wenyewe. Uso wa mtu anayekusikiliza mpaka umalize. Kivuva aliketi chini, akasema "Tomba," jina ambalo hakuwa amelitamka miaka mingi, akalia waziwazi.

Hata hivyo bado mambo yalikuwa rahisi. Atabadilisha: mbuzi wa ukutani aende motoni, Pakhangba abaki. Jumamosi alimpa Mbula Pakhangba ampige msasa, maana furaha ilimzidi na alitaka aguswe na mkono wa mtu mwingine, na yeye Kivuva akaenda ghalani kumfukua mbuzi chini ya kunde. Alipotoka, wazee wa kanisa walikuwa tayari wamejaa uani, Mulei mbele yao. Walikuja kumchukua nyoka wenyewe, wakisema ati wasimsumbue mzee kubeba. Waongo! Walikuja kuhakikisha hatafanya ujanja. Mmoja amekwisha kumtoa Pakhangba mapajani mwa Mbula, amemfunga kwa gunia.

"Ndiye huyu?" Mulei aliuliza.

Kivuva akafungua mdomo. Akisema siye, watauliza wako wangapi, na kwa nini mwingine amefichwa, na harusi itakufa papo hapo. Kaluki alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la unga, anamtazama.

"Ndiye," alisema.

Kesho yake walimchoma uwanjani mwa kanisa. Mchungaji alihubiri kwamba watu watasikia uvundo wa Shetani, lakini muhugu ukiungua hunukia vizuri, na moshi ule ulikuwa mtamu hata akina mama wakauvuta puani bila kutaka. Ikabidi Mchungaji ageuze mahubiri, ikawa sasa ni harufu ya toba. Watu wakapiga makofi. Kivuva alishikwa mkono na kila mtu, akipongezwa, na angetaka kumpiga mtu ngumi lakini hakujua ampige nani.

Harusi ilikuwa nzuri. Hilo siwezi kuwanyima. Kaluki alimshika baba yake mkono kwa nguvu kutoka mlangoni mpaka mbele, akitabasamu njia nzima, na Kivuva alitembea wima kama askari. Wageni kutoka Migwani walipoondoka na bibi harusi, nyumba ikawa kimya. Kivuva akatoka nje, akakaa kwenye kigogo chake cha kazi, akachukua kipande cha mti, akakishika tu.

Mbula akaja akaketi karibu naye.

"Baba Kaluki, ile walichoma ndiyo ilikuwa yenyewe."

Akageuka. "Nani amekuambia?"

"Nani aniambie? Nimesugua kazi yako tangu unioe. Nilipofika usoni nikaacha msasa, nikaogopa kuharibu. Halafu wakaingia."

"Na ukanyamaza!" Hasira yote ya wiki ilipanda, sauti ikapasuka. "Aka! Mwanamke wewe, ulikuwa umeishika mkononi! Mbona hukusema kitu?"

"Wewe ulisimama hapo, na ulikuwa na mdomo," Mbula alisema. "Ningesema, ungefanya nini?"

Kivuva alikigeuza kile kipande cha mti mara kadhaa.

"Ningewaachia tu waichome," alisema.

"Najua," Mbula akamwambia, akamchukulia kile kipande mkononi, wakaingia ndani kula.