Shairi la Baharia Mbele ya Wazee

Jumamosi wazee walikuja kwetu Nyamache kuniposa. Siku hizi shairi la Kiingereza la baharia limeenea kila mahali: makarani hulikariri wakinywa chai, madereva huandika maneno yake kwenye malori. Baba akaniambia, “Simama, wasikie ulivyosoma.”

Nikalikariri lote bila kukosea, nikitumaini atanirudisha shule niliyoachishwa mwaka jana.

“Hiyo bahari iko upande gani wa mto Gucha?” mzee mmoja akauliza. Wenzake wakacheka.

Baba hakucheka. “Huyu amesoma. Ongezeni ng'ombe.”

Baba mkwe mtarajiwa akakubali upesi, akipangusa midomo. “Sawa. Atakuwa akitukariria tukinywa pombe.”

Wasomaji, mwalimu wetu alisema shairi lile litaishi milele. Hakutuambia litaishi wapi.