Sifuri Niliyoiandika Jumamosi

Kosa ninalolikumbuka kuliko yote ni sifuri niliyoiandika Jumamosi moja asubuhi, kwa wino wa bluu na mwandiko mzuri sana, mbele ya jina la farasi aliyeitwa Neema.

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa mimi mwenyewe sijafika miaka thelathini. Hapa Kisangani simjui mtu mwingine anayepima minyoo ya farasi, na wewe unayeanza kazi hii hutapata mzee mwingine wa kumuuliza. Basi nivumilie.

Farasi wetu ni wa Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo aliyewaleta wanne kwa lori kupitia Bafwasende. Kazi yao ni kubeba maharusi na kupigwa picha siku za sherehe. Mimi niliajiriwa kufagia zizi. Mengine nilijifunza peke yangu, kwa simu na kwa hadubini kuukuu tuliyoachiwa na zahanati iliyofungwa. Nilijifunza kwamba farasi hapewi dawa ya minyoo kwa mazoea tu. Kwanza unaponda kinyesi chake katika maji yaliyokolea chumvi, mayai ya minyoo yanaelea juu, unayahesabu kwenye kioo, ndipo unaamua. Siku nilipoliona yai la kwanza nilicheka peke yangu kama kichaa.

Lakini mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikikosea neno moja katika barua, naandika barua nzima upya. Katika daftari la farasi nilikuwa nikichora jedwali kwa rula, na nilitaka wote wanne wapimwe siku moja ili ukurasa ukae sawasawa. Wiki ile nilianza na Neema, nikachukua kinyesi chake Jumatano. Farasi mmoja alikuwa amepelekwa kwenye arusi Banalia, hajarudi. Ningeweza kumpima Neema siku ileile, lakini ukurasa ungekuwa na pengo. Nikafunga kinyesi katika mfuko, nikakiweka kwenye rafu chini ya bati, nikangoja. Joto la chini ya bati letu unalijua.

Jumamosi nikapima. Wengine, ambao kinyesi chao kilikuwa cha asubuhi ileile, walikuwa na mayai. Neema, ambaye alikuwa na mimba, hakuwa na hata moja.

Papa Kambale alisimama mlangoni na dawa mkononi.

"Alors? Neema nimupe ao nisimupe?"

"Usimupe, papa. Iko safi."

"Uko sûr?"

"Nimehesabu mara tatu."

Na kweli nilihesabu mara tatu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: sikuwa mvivu.

Baada ya wiki chache mbavu za Neema zilianza kuonekana. Manyoya yakapoteza mng'ao, fizi zikapauka, na kila siku alibakiza majani. Nilibadilisha majani, nikabadilisha maji, nikaosha ndoo mpaka mikono ikachubuka. Daftari langu lilisema hana minyoo, nami nililiamini daftari kuliko macho yangu.

Mwishowe nilimwendea Mama Véro, jirani yetu, mwanamke wa Yanonge aliyezeeka katika maabara akipima kinyesi cha watu, nikaja naye zizini. Alilifungua daftari, akalisifu sana.

"Eh! Wewe, tonton, uko na maandiko kama ya notaire anaandika hati. Mavi ya huyu ulichukua siku gani?"

"Jumatano."

"Na ulipima?"

"Jumamosi."

"Uliiweka wapi?"

Nilimwonyesha rafu. Akatazama bati, akanitazama mimi, na tabasamu likamwisha usoni.

"Mutoto wangu, mayai ya minyoo ni kitu ya uhai. Na joto hii, inapasuka, tududu tunatoka. Wewe ulifika kuhesabu mayai, kumbe yenyewe ilishaondoka! Kwetu tunavua. Samaki ikikaa kwa jua siku tatu, hakuna mutu anasema ni ya leo asubuyi. Wewe umeandika muzuri sana kitu ya uongo."

Tulichukua kinyesi kibichi palepale, tukakipima. Nilipoweka jicho, kioo kilikuwa kimejaa mayai. Mkono wangu ukaenda kwenye daftari kuung'oa ukurasa ule wa Jumamosi. Mama Véro akanipiga vidole.

"Acha! Ukiutoa, kesho utasahau. Piga mustari moja, andika ya kweli pembeni. Na kwa Papa Kambale utaenda wewe mwenyewe, mimi si avocat yako ya kukusemea."

Nilikwenda nikamwambia yote, hata habari ya rula. Akasema, "Donc dawa ilikuwa mukononi yangu." Siku hiyohiyo akamwita daktari wa mifugo, naye akachagua dawa inayomfaa farasi mwenye mimba, akampima Neema kifua kwa utepe ili ajue uzito na asikisie kipimo.

Neema alipona. Mtoto hakupona, alitoka kabla ya wakati wake. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ni minyoo peke yake, lakini mama aliyedhoofika vile hana nguvu ya kujibeba yeye na mtoto. Mimi ndimi niliyemzika mtoto huyo, nyuma ya zizi, na sikutaka mtu anisaidie.

Mwanangu, nakuagiza hivi. Kinyesi kichukue kikiwa bado kina joto la farasi, uandike jina na saa, ukiweke penye baridi, ukipime siku ileile. Usimngoje farasi mwingine. Ukishatoa dawa, rudi upime tena baada ya wiki mbili, maana dawa nayo huweza kushindwa. Namba ikisema hivi na mbavu zikisema vile, ziamini mbavu, kisha uitafute namba mahali ilipokosea. Na ukikosea wewe, mwenye farasi asikie kwako kabla ya kusikia kwa mwingine.

Mungu akupe macho yasiyochoka na mkono usioogopa kupiga mstari juu ya kosa. Wanyama watakaowekwa chini yako wanenepe, na wanaobeba mimba wazae salama.

Mimi, tangu siku zile, nina termosi ya barafu zizini, kwa sababu mke wa Papa Kambale aliapa: "Mavi ya farasi kwa frigo yangu, pembeni ya pondu ya kula? Jamais!" Kila farasi anapimwa siku yake. Daftari langu limejaa mapengo na mistari iliyokatwa, na ukurasa wa Jumamosi ile bado umo. Neema ana mimba tena. Leo asubuhi nimempima, na mayai niliyoyaona nimeyaandika.