Mikono Niliyoificha

Mikono yangu hutoka jasho. Si jasho la jembe: hata asubuhi ya baridi, mvua ya Kakamega ikinyesha, viganja hudondosha maji. Siku hizi najua tuko wengi. Wakati ule nilidhani niko peke yangu. Nilipopata ukarani baada ya Uhuru, nikakalia kiti alichokiacha Mzungu, nililaza karatasi ya kukaushia wino chini ya kiganja nisiharibu barua za serikali. Makwapa nayo yalinivalisha koti hata kwenye jua kali. Watu wakasema najivuna. Niliwaacha waseme, afadhali majivuno kuliko aibu.

Mtu mmoja tu alijua, msichana wa Khayega niliyetaka kumwoa. Tulitembea tumeshikana mikono, na sikumwona hata siku moja akiufuta wake.

Siku ya kujitambulisha kwao, wazee walisimama uani kunipokea. Kwetu, usipompa mtu mkono umemtukana. Nikampa baba yake mkono, nikapangusa kiganja kwa kitambaa. Nikampa ami yake, nikapangusa tena, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Nilidhani nawastahi, nisimwachie mtu maji yangu.

"Wazungu walikuwa wanatusalimianga hivi," baba yake alisema. "Anakushika, halafu anajipangusa uchafu wako. Na wewe umekalia kiti chao."

Msichana alinitazama kutoka mlango wa jikoni, akingoja niseme. Neno moja lingetosha. Nilikuwa mwoga, mjinga pia. Nikasema, "Nisamehe, mzee," nikaondoka. Kuku waliyenichinjia sikumwonja, na Khayega sikukanyaga tena.

Aliolewa Lugari. Akafariki akijifungua mtoto wa pili.

Nilikwenda mazishini. Kitambaa nilikiacha nyumbani makusudi. Nilipomfikia baba yake kumpa pole, nilimpa mkono kama ulivyo. Aligeuza kiganja chake, akayatazama yale maji.

"Ni jasho?"

"Ni jasho, mzee. Tangu utotoni."

"Hata siku ile?"

"Hata siku ile."

Mkono wake ulibaki wazi.

"Alituambia," akasema. "Siku ile ile, ukiwa hujafika barabarani. Mimi nikamjibu, mwanamume ana mdomo, kama ni jasho atarudi aseme mwenyewe. Msimu mzima wa mahindi alikuwa anakungojanga."