Mchawi aliyekalia piza

Juzi, kwenye basi la wafanyakazi lililokuwa likituleta kutoka mji wa Lusail, huku ughaibuni, dada mmoja wa Tanga, anayeangalia watoto wa wageni hotelini, alimwonyesha mlinzi Mkenya aliyeketi naye karatasi yenye wachawi wawili. Mmoja alichorwa na mtoto: kofia ndefu yenye ncha, ufagio katikati ya miguu. Wa pili alichorwa na dada mwenyewe.

"Nikamwambia mtoto, ufagio ni wa kufagia, mchawi anapaa na ungo. Nikamchorea. Akaniuliza, mbona bibi huyu amekalia piza?"

Mlinzi alicheka mpaka akavua kofia. "Lakini dada, huyo wa ungo wewe ulimwona wapi?"

"Kwenye magazeti ya katuni, saluni kwa mama. Kila wiki alikuwepo."

Nyuma yao nikatabasamu. Hata mimi nilitambulishwa kwa mchawi na wachoraji wale: macho mekundu, hirizi shingoni, ungo juu ya mabati. Tangu hapo bibi yangu akipeta mchele uani, nilikaa namvizia aruke. Mtoto wa hotelini naye ana wachoraji wake. Mchawi mwenyewe hakuna aliyemwona.

Dada akaikunja karatasi taratibu, kama anayekunja kanga. Likizo yake imesogezwa tena. Idi itamkuta hapa hapa.

"Wale wachoraji walitudanganya, kaka," akasema. "Ungo ungekuwa unaruka kweli, pilau la Idi ningelila kwa mama."