Kikombe cha Maua

Filamu ya yale mazungumzo ya siri yaliyoumaliza ubaguzi wa Afrika Kusini ilipoonyeshwa Mamelodi, mtaa wetu, ukumbi ulijaa pomoni. Mmaphuti Ledwaba, ajuza kwa sasa, alipelekwa na mpwa wake. Mabomu ya filamuni aliyavumilia, na mbwa wa polisi pia. Lakini Kaburu mmoja alipoinuka kummiminia chai mtu wetu, na ukumbi mzima ukapiga makofi, yeye alijitanda shali yake akatoka nje.

Miaka ya themanini alikuwa mtumishi kwa Profesa Hanekom, kule Pretoria. Jina lake liliwashinda wenye nyumba kulitamka, wakamwita Anna, yakaisha. Sahani yake na kikombe chake cha bati vilikaa chini ya sinki, pamoja na sabuni na sumu ya panya. Vikombe vya maua vya kabatini aliviosha tu. Hakuna aliyemkataza kuvinywea. Mambo hayo mtu huyajua mwenyewe. Profesa alikuwa mpole, sikatai, ila upole wake uliishia palepale kwenye sinki.

Mwana wa pekee wa Mmaphuti, Lesiba, alivuka mpaka kujiunga na wapigania uhuru mwaka ule wanafunzi walipopigwa risasi na polisi. Tangu hapo, kimya. Wengine walikesha wakiombea uhuru. Mmaphuti aliomba kujua kama mwanawe yu hai.

Makaburu walikuwa na mazoea yaliyomfaa: mbele ya mtumishi walizungumza kana kwamba wako peke yao. Ndivyo alivyojua, akiwapangia wageni biskuti, kwamba safari za Profesa za Uingereza hazikuwa za chuo hata kidogo. Alikuwa akikutana kisiri na viongozi wetu wa uhamishoni, wakitafuta namna ya kuumaliza ubaguzi. Safari iliyofuata, Mmaphuti alimfuata Profesa chumbani alikokuwa akifunga sanduku.

"Bwana, hao unaokwenda kuwaona, niulizie mwanangu. Lesiba Ledwaba. Ana kovu kidevuni."

Profesa alizidi kuwa mweupe. "Nani kakwambia, Anna? Unataka nifungwe?"

"Na mimi nitamwambia nani, Bwana? Masufuria?"

Hakucheka, wala hakuahidi kitu. Akabeba sanduku lake akaondoka.

Alirudi mchana mmoja, mkewe akiwa kanisani. Aliingia moja kwa moja jikoni, akavuta kiti.

"Kaa, Mmaphuti."

Jina lake hasa. Huko alikotoka ndiko alikofundishwa kulitamka. Mmaphuti alikaa. Profesa akachemsha maji mwenyewe, akafungua kila mtoto wa meza akitafuta sukari ya nyumbani kwake. Kisha akaenda kabatini, akaleta kikombe cha maua, kikigongana na kisahani chake njia nzima. Akakijaza chai, akakiweka mbele ya mtumishi wake.

Mmaphuti alikitazama kikombe, akajua. Habari njema Profesa angeitoa akiwa amesimama mlangoni, na angemwita Anna.

"Walimzika wapi?" aliuliza.

Profesa aliangalia sakafu. "Angola. Miaka sita sasa. Pole, mama."

Miaka sita alikuwa akimwombea marehemu arudi salama.

Hakulia mbele yake. Aliinama chini ya sinki akatoa kikombe chake cha bati, akaihamishia chai humo. Kile cha maua alikiosha, akakikausha, akakirudisha kabatini kabla mama mwenye nyumba hajarudi.