Meza ya Chumvi Iliyosomwa Matangani

Mpaka leo nikisikia mtu akisema marehemu fulani "alianza bila kitu", damu inanichemka.

Tulikuwa matangani kwa baba, uani kwetu hapa Bunia, chini ya bashi, lile turubai la msiba. Baba alikuwa mfanyabiashara, kisha mbunge wa jimbo, kwa hiyo viti vya mbele vilijaa wakubwa. Kabla ya kwenda kuzika, mbunge mwenzake alisimama na kipaza sauti kusoma maisha ya marehemu, kama ilivyo desturi.

"Onorabule alianzia Nizi, yeye peke yake, na meza moja ya chumvi."

Uongo mtupu! Meza ile ilikuwa ya mama. Mama ndiye aliyewauzia wachimba dhahabu wa Nizi chumvi, sabuni na sardini, mimi nikiwa mgongoni, baba akizunguka kutafuta kazi ya ofisi. Vita vilipotufukuza huko, mama ndiye aliyeanza upya Bunia, mpaka akafungua duka. Baba aliingia dukani rafu zikiwa zimekwisha kujaa. Alijua kuongea, sikatai. Wateja walimpenda, wakampigia kura. Kwenye kampeni aliisimulia meza ile kama yake, na mama alicheka tu. Mimi sikucheka.

Sasa niliwaona ndugu za baba wakiitikia kwa vichwa kila neno. Kama kila kitu kilikuwa cha baba peke yake, basi duka ni lao. Mama alikuwa chini kwenye mkeka, ametajwa mara moja tu, "mjane".

Nilimnyang'anya mheshimiwa kipaza sauti. "Meza ilikuwa ya mama!" Sikufika mbali, wakazima mashine ya sauti. Mchungaji akaashiria kwaya, ikaimba kwa nguvu zote. Niliwachukia wote, hata waimbaji.

Mama akanivuta kitenge. "Ikala chini, mutoto yangu. Tuzike kwanza."

Tulizika. Kesho yake asubuhi mama akafungua duka, jambo ambalo mjane hafanyi kabla matanga hayajaisha. Haukupita muda, kaka mkubwa wa baba akaingia na kufuli mpya mkononi, mtu aliyekula mchele wetu wa bure miaka yote.

"Shemeki, leta funguo. Mali ya ndugu yetu, famii ndiyo itaichunga."

Mama, katika nguo zake nyeusi, alikuwa akimpimia mteja sukari. Hakuinua kichwa.

"Ngoja nimalizane na huyu mama," alisema. "Weye unataka kununua nini?"